Bango la Mzee Agyekum

Mshale wa joto la injini ulianza kupanda walipokwisha kuupita mji wa Offinso, na Mwalimu Ntiamoah akaufanyia kile alichozoea kuyafanyia mambo yote yasiyompendeza: alijifanya hauoni. Alikaza macho barabarani, akaongeza sauti ya redio, akaanza kumweleza mkewe jinsi vilima vya upande ule vilivyojitokeza mamilioni ya miaka iliyopita. Alikuwa mwalimu wa jiografia, na vilima havijawahi kumwaibisha.

"Mwalimu," alisema Konadu, mkewe, "huo mshale umeingia kwenye wekundu."

"Mshale wa zamani huo. Hupenda kutishatisha watu."

"Na huo moshi?"

"Ukungu wa asubuhi."

"Unatoka kwenye boneti."

Nyuma alikaa Shangazi Pokuaa, dada wa baba yake Mwalimu, aliyekijaza kiti kizima peke yake na bado akilalamika tangu Kumasi kwamba gari ni dogo. Aliinua pua, akanusa. "Kuna mtu anachemsha viazi vikuu," alisema. Hapo Mwalimu akakubali kusimama, kwa sababu mvuke ulikuwa umeziba kioo chote cha mbele na haikuwezekana tena kuuita ukungu.

Ilikuwa saa moja na nusu. Saa tano kamili, katika mji mdogo wa Asuboa, jeneza la Mzee Agyekum lingefungwa. Mzee Agyekum alikuwa baba yake Konadu, na Konadu ndiye mtoto wake wa kwanza. Kwa desturi ya nyumba ile, mto unaolazwa chini ya kichwa cha marehemu huwekwa na binti mkubwa kwa mikono yake mwenyewe. Konadu alikuwa ameushona mto huo mwenyewe, wa kitambaa cheupe chenye shada pembeni, na tangu waondoke nyumbani alikuwa ameupakata mapajani kama mtoto mchanga. Hakuomba lolote jingine katika safari ile. Alitaka kufika kabla ya saa tano, amwone baba yake, amwekee mto. Basi.

Mumewe naye alitaka kufika, lakini alitaka kufika kwa namna fulani. Mzee Agyekum, alipokuwa hai, hakuwahi kumchukulia mkwe wake kwa uzito. Mara ya mwisho walipokutana alimpa kiti kilichovunjika mguu na kumwita jina la mkwe mwingine. Kwa hiyo alipofariki, Mwalimu aliamua kumlilia kwa kishindo. Watu wengine hubandika picha ya marehemu kwenye kioo cha nyuma cha gari, karatasi tu, na kitambaa chekundu kwenye kioo cha pembeni. Mwalimu Ntiamoah alichapisha bango. Lilikuwa la turubai zito la plastiki, limetanda kutoka taa hadi taa na kutoka kwenye ukingo wa boneti hadi karibu na lami, limekazwa kwa kamba za katani sehemu nane. Mzee Agyekum alitazama barabara nzima akiwa katika kitambaa cha kifahari, uso wake mkubwa kama sinia la harusi, na chini yake maandishi: SAFIRI SALAMA, BABA. Chini zaidi, kwa herufi kubwa kuliko hizo: NI MIMI MKWEO, MWALIMU J. K. NTIAMOAH.

"Tungeliweka nyuma," Konadu alikuwa amesema jana yake jioni, akimwangalia akikaza fundo la nane.

"Nyuma? Baba mkwe habebwi nyuma kama gurudumu la akiba."

Polisi wa kizuizi cha kwanza alivua kofia walipopita. Mwalimu alilifurahia hilo kwa kilomita kumi na mbili.

*

Fundi wa kwanza alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara. Alikuja akifuta mikono, akasimama mbele ya gari, akamwona Mzee Agyekum, akainamisha kichwa. "Poleni sana," alisema. "Alikuwa na miaka mingapi?"

"Themanini na mmoja," alijibu Mwalimu.

"Amekula chumvi nyingi." Kisha akaja pembeni kwa heshima, akafungua boneti kutoka upande, asije akamgeuzia marehemu mgongo. Alichungulia humo kwa muda mrefu, akigusagusa mipira ya maji. "Hii gari ina themostati," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeona nyoka.

"Si inatakiwa iwe nayo?"

"Mwalimu, hiki kidude kinazuia maji yasizunguke mpaka injini ipate moto. Kimetengenezwa kwa ajili ya Wazungu, kule kwao injini inatetemeka kwa baridi. Hapa kwetu maji yenyewe yanatoka bombani yakiwa vuguvugu. Unapata moto wa nini tena?" Alikwishakifungua wakati akisema. Alikitoa, akakirusha kwenye debe lililokuwa limejaa vidude vya namna ile hadi juu, kila kimoja kikiwa kimetoka katika gari la mtu fulani aliyekuwa na haraka.

"Una uhakika?" Konadu aliuliza dirishani.

"Mama, nimetoa mia tatu. Hakuna aliyerudi."

Shangazi Pokuaa alisema pengine hawakurudi kwa sababu hawakufika. Fundi alijifanya hakusikia. Alinunua maji ya vifuko kwa msichana aliyekuwa akipita na beseni kichwani, akaving'ata vifuko kimoja kimoja kwenye kona na kuyakamulia katika rejeta, vifuko ishirini na vinne. Kisha akawasha injini, wote wakasimama wakiutazama mshale. Mshale ulitulia katikati kwa adabu. Walisubiri dakika kumi, haukusogea.

"Umeona?" alisema fundi. Mwalimu alimlipa, akampa mkono, akarudi ndani akiwa mtu mpya. Ilikuwa saa mbili na robo. Simu ya Konadu ililia: mdogo wake, Birago, aliyekuwa kule msibani tangu Alhamisi.

"Dada, mko wapi? Mama anauliza. Wamekwisha kumvalisha."

"Tuko njiani. Gari lilipata kiu."

"Njooni basi. Unamjua mkuu wetu wa ukoo, mzee Donkor, akisema saa tano ni saa tano."

Mwalimu alikanyaga mafuta. Gari liliitikia vizuri, upepo ukaingia madirishani, na kwa kilomita tisa maisha yalikuwa matamu. Kwenye kilomita ya kumi mshale ukaanza kupanda.

*

Fundi wa pili alikuwa kijana mwenye redio mbili shingoni na mdomoni mswaki wa mti. Naye alisimama kwanza mbele ya bango, akainama, akauliza marehemu aliugua nini. Aliposikia aliyefanya kazi kabla yake ametoa themostati, alicheka kwa dharau. "Hapo bado. Dawa ni feni," alisema. Akakata waya wa feni ya rejeta na kuuunga moja kwa moja na betri, ili feni isisubiri amri ya mtu, izunguke siku nzima.

Feni ilinguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Na hapo lilitokea jambo ambalo Shangazi Pokuaa, aliyekuwa ameshuka kunyoosha miguu, alilishuhudia kwa macho yake. Mashavu ya Mzee Agyekum yaliingia ndani. Turubai lilivutwa kwenye matundu ya shoo, ule wavu wa mbele ya gari, macho ya marehemu yakazama, midomo ikabana, na paji la uso likapata makunyanzi ambayo mpiga picha hakuyapiga.

"Ntiamoah," alisema Shangazi taratibu, "mkweo amekasirika."

"Ni upepo wa feni, Shangazi."

"Mimi nimemjua Agyekum miaka arobaini. Hivyo ndivyo alivyokuwa akikunja uso ukimletea samaki mdogo. Umemkosea nini?"

"Sijamkosea chochote. Nimemchapishia bango."

"Labda hataki uende."

Fundi kijana hakutaka kuingizwa katika mambo ya ukoo. Aliwaambia tu kwamba ikiendelea kuchemka wawashe hita ya ndani hadi mwisho, ili joto la injini litokee kwao badala ya kubaki kwenye injini. Mwalimu alilielewa hilo haraka kwa kuwa lilikuwa la kisayansi. Kwa hiyo waliondoka pale saa tatu, katikati ya jua la Ghana, hita ikiwapulizia moto wa oveni miguuni, madirisha yote yakiwa wazi, watu watatu waliovaa nguo nzito nyeusi za msiba. Poda ya Shangazi Pokuaa ilishuka kwa mistari mpaka kifuani. Konadu aliutoa mto mapajani akaunyanyua juu, nje ya dirisha, usilowe jasho lake.

"Inasaidia," alisema Mwalimu, jasho likimdondoka puani. "Mshale umeshuka kidogo."

"Mimi ndiye ninayepanda," alisema Shangazi. "Simamisha gari."

Alikuwa ameamua. Kwenye buti kulikuwa na chupa ya jini, pombe kali waliyokuwa wakiipeleka kwa wazee wa Asuboa. Shangazi aliifungua, akasimama mbele ya gari huku feni ikinguruma, akamwaga kidogo chini. "Agyekum," alisema, "huyu ni mtoto wetu, tunajua ana maneno mengi. Tunajua bango ni kubwa na jina lake limezidi jina lako. Lakini binti yako yumo ndani na ana mto wako. Kama una hasira na mume, mpe mke njia." Akamwaga tena. Halafu, kwa kuwa alikuwa na kiu ya saa tatu, akajimiminia na yeye vifuniko viwili vya chupa.

Maombi yale yalichukua robo saa. Boneti ilikuwa wazi muda wote, injini imezimwa. Walipowasha, mshale ulikuwa chini kabisa, na Shangazi akawatazama wote wawili kwa zamu.

Mwalimu, mtu wa sayansi, alijikuta akiendesha kwa unyenyekevu. Kilomita nane baadaye gari lilitoa mlio kama wa mbuzi anayepaliwa, mvuke ukafumuka pande zote, likazimika lenyewe kando ya barabara. Ilikuwa saa nne kasorobo. Birago alipiga simu akasema fundi jeneza amefika na skrubu zake. Konadu alimwambia sawa, akaizima simu, akaiweka kwenye mkoba. Hakumlaumu mumewe. Alishuka, akasimama nyasini na mto wake, akiitazama barabara ya kwenda kwao kana kwamba anapima kama anaweza kuitembea. Mwalimu alimwona akifanya hivyo, na moyo wake ukauma kuliko kama angetukanwa.

*

Lori la nyanya lilitokea upande wa Techiman, likapunguza mwendo, likasimama. Dereva alishuka, mtu mrefu mwembamba wa umri wa makamo, kofia nyeupe kichwani. Alijitambulisha kwa jina la Seidu. Mwalimu alimweleza yote: themostati, feni, hita, vifuko vya maji ambavyo sasa vilifika sabini. La jini hakulitaja. Alikuwa tayari kufungua boneti mara ya nne, lakini Seidu alimzuia kwa mkono.

"Acha kwanza. Inachemka ukisimama au ukikimbia?"

"Ukikimbia."

"Na ukisimama?"

"Ukisimama kwa fundi haina tatizo lolote. Ndiyo inayonishangaza. Inapona mbele ya daktari."

"Ilikuwa ikichemka wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita nilikwenda nayo Obuasi na kurudi."

"Na tangu wiki iliyopita umebadilisha nini kwenye gari?"

"Hakuna. Sijagusa kitu."

Seidu alizunguka akaja mbele. Alivua kofia yake mbele ya Mzee Agyekum. Aliliinamia bango kwa muda mrefu hata Shangazi akadhani anaswali. "Nani huyu?" aliuliza.

"Baba mkwe wangu."

"Alikuwa mtu mkubwa."

"Mkubwa sana," alisema Mwalimu.

"Naona. Bango linaanzia taa ya huku mpaka taa ya kule." Alipenyeza kidole kwa taabu kati ya turubai na shoo. "Bosi, rejeta inakaa wapi?"

"Si hapo nyuma ya..." Mwalimu aliishia hapo.

"Na upepo wa kuipoza unapita wapi?"

Mbuzi wawili walivuka barabara. Shangazi Pokuaa alishika kiuno, akamtazama mpwa wake, kisha bango, kisha mpwa wake tena. Konadu alikuwa amegeuka kule nyasini, na uso wake haukuonyesha kitu chochote, jambo ambalo Mwalimu alijua vyema maana yake baada ya miaka kumi na sita ya ndoa.

"Jua limekuwa kali," alisema Mwalimu. "Nadhani tumpumzishe mzee kidogo."

Walifungua mafundo yote manane. Seidu aliwapa jerikeni ya maji, akakataa shukrani ya noti, akamwombea marehemu, akaondoka na nyanya zake. Tatizo likawa ni mahali pa kumweka Mzee Agyekum. Mwalimu alianza kukunja turubai katikati, Shangazi akampiga kofi la mkono. "Unamkunja mtu ambaye hajazikwa?" Buti halikutosha akiwa amenyooka. Mwisho Shangazi alimtandaza kiti cha nyuma, akajifunika naye kuanzia miguuni hadi kidevuni, akaushikilia ule uso mkubwa juu ya magoti yake. Kila Mwalimu alipotazama kioo cha kuangalia nyuma, baba mkwe alikuwa pale, anamkodolea.

Saa nne na dakika kumi walikuwa barabarani, hita imezimwa, mwendo mkali. Mshale ulishuka ukakaa mahali pake, na haukusogea tena. Mwalimu aliutazama kilomita baada ya kilomita. "Unaona," alisema hatimaye, "ile kazi ya fundi wa kwanza imeanza kukubali."

"Hm," alisema Konadu.

*

Walifika Asuboa saa tano kasoro dakika kumi. Chini ya mahema kulikuwa na bahari ya watu waliovaa nguo nyeusi na nyekundu, vipaza sauti vikubwa pande zote, na mbele ya mlango wa nyumba fundi jeneza amesimama na kifuniko amekiegemeza ukutani. Konadu alitaka kupita moja kwa moja, lakini mkuu wa ukoo, mzee Donkor, aliinua mkono. Nyumba ile ilikuwa na utaratibu wake: binti aliyeolewa anapokuja na watu wa mumewe ni mgeni kama wao, na mgeni haingii kwa marehemu kabla hajaketi, hajapewa maji na hajaulizwa habari ya safari yake. Hakuna aliyewahi kuuruka utaratibu huo, hata mkuu wa wilaya.

Kwanza wakasalimia safu ya wazee kuanzia kulia, mkono kwa mkono, watu thelathini na wawili, huku Shangazi akiwa na turubai begani kama shuka. Kisha wakaketi. Kisha maji yakaja. Ilikuwa saa tano kasoro dakika tatu wakati msemaji wa ukoo, mzee Kyei, alipoinuka na fimbo yake na kipaza sauti. Kazi yake ilikuwa kupokea neno la mgeni na kulipeleka kwa wazee likiwa limepambwa.

"Sisi hapa msiba wetu mnaujua," alisema. "Nyinyi ndio mliokuwa mkitembea. Tuleteeni habari."

Mwalimu Ntiamoah alisimama. Hii ndiyo nafasi aliyoingoja tangu siku ya kiti kilichovunjika. Alikuwa ameiandaa hotuba wiki mbili. "Waheshimiwa wazee," alianza, "sisi tulitoka Kumasi alfajiri, wakati jua linaanza kuchungulia mashariki."

"Anasema jua," alisema mzee Kyei kwenye kipaza sauti.

"Gari letu likiwa na afya njema. Lakini barabara zetu, wazee wangu, na hali ya hewa ya ukanda huu, na mafundi wa siku hizi..."

Watu wawili walikinyanyua kifuniko, fundi jeneza akatangulia nao, wakaingia ndani. Mwalimu alimtazama mkewe. Alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kiti cha plastiki, mto ameukumbatia, macho mlangoni. Hakumkonyeza, hakumsukuma kwa kiwiko amalize. Alikuwa anangoja tu, kama alivyongoja jana jioni, kama alivyongoja kando ya barabara mara nne. Mwalimu aliona aibu, aibu ya kweli. Akakunja hotuba yake akaitia mfukoni.

"Wazee, nitafupisha," alisema. "Nilimfunga baba mkwe mbele ya gari ili watu wasome jina langu. Mke wangu aliniambia tumweke nyuma, nikakataa. Nikaziba upepo wa rejeta, injini ikachemka. Nikawasingizia mafundi, nikaisingizia barabara, nikanyamaza hata marehemu aliposingiziwa. Gari lilikuwa zima. Mbovu nilikuwa mimi. Hiyo ndiyo habari yetu."

Mzee Kyei alibaki na kipaza sauti karibu na mdomo. Katika miaka thelathini ya usemaji hakuwahi kupewa kitu kisichopambika namna ile. Alikohoa. "Anasema," alianza, "gari ni zima."

"Na mengine?" aliuliza mzee Donkor.

"Mengine, Nana mkuu wetu, mmemsikia wenyewe."

Na kweli, kipaza sauti kilikuwa wazi, mji mzima ulikuwa umesikia. Kicheko kilianzia upande wa wanawake, kidogo kidogo kwa kujizuia, kikahamia kwa vijana wa mahema, kikafika kwa wazee ambao walijaribu kukigeuza kikohozi. Ndani ya nyumba, fundi jeneza alicheka mpaka akadondosha skrubu, ikabidi apige magoti kuitafuta. Mzee Donkor mwenyewe alifunika uso kwa kitambaa chake, mabega yakitikisika. "Safari imesikika," alisema alipoweza. "Mpisheni mtoto."

Konadu alikuwa amekwisha simama. Alipompita mumewe alimshika mkono kwa nguvu, mara moja tu, akaingia mlangoni na mto wake. Vicheko viliendelea nje. Mtu mmoja alikuwa tayari ameanza kumsimulia mwenzake aliyechelewa kufika, akionyesha kwa mikono upana wa bango. Mwalimu Ntiamoah aliketi, masikio yakimwaka, maji yake mkononi, akisikiliza. Alisikiliza kwa muda ulioonekana mrefu kuliko barabara yote.

Ndipo kilio cha Konadu kikatoka ndani, kirefu, cha mtoto aliyemkuta baba yake. Mahema yote yakanyamaza. Mwalimu akashusha pumzi, akanywa maji yake yote hadi tone la mwisho.